Acheni Kuogopa Kurudia Neno

"Mbona neno 'wasilisha' limejirudia namna hii kwenye ukurasa mmoja? Badilisha kidogo, weka hata 'tuma' au 'peleka', isomeke vizuri." Maoni haya huja pembezoni mwa karibu kila rasimu ya mwongozo ninayoipeleka kwa wakuu wa idara waipitie. Huandikwa na watu waliosoma, wanaokipenda Kiswahili, na nia yao ni njema. Lakini wanakosea, na kosa lao lina gharama. Nimelijibu swali hili kwa mdomo, kwa simu na kwa barua pepe. Leo nalijibu kwa maandishi.

Katika mwongozo wa mfumo wa kompyuta wa kazini, kitu kimoja kina jina moja na kitendo kimoja kina kitenzi kimoja, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Neno likibadilika, msomaji ana haki ya kuamini kwamba jambo nalo limebadilika.

Tusome aya hii ya mwongozo wa kuomba likizo. Ni ya aina inayopita mezani kwangu kila mara:

"Jaza fomu ya likizo, kisha bonyeza Hifadhi. Baada ya kutuma ombi lako, msimamizi atalithibitisha. Ombi lililowasilishwa litaonekana kwenye orodha yako. Likikubaliwa utapata ujumbe."

Mwalimu wa insha angeipa alama nzuri. Sasa iweke kando ya mfumo wenyewe. Kwenye skrini kuna vitufe viwili. Hifadhi hulibakiza ombi kama rasimu, na rasimu huonwa na mwombaji peke yake. Wasilisha ndicho kinacholipeleka ombi mbele. Mfanyakazi amebonyeza Hifadhi kama alivyoelekezwa. Amesoma "baada ya kutuma" akaelewa kwamba ameshatuma, kwa kuwa haoni popote kitufe kilichoandikwa Tuma. Amefungua orodha yake na ombi lipo, maana orodha hiyo huonyesha na rasimu. Amekata tiketi ya basi. Siku ya kuondoka, msimamizi anamwambia hajaona ombi lolote.

Mkanganyiko haujaisha. Katika mfumo huo, kuthibitisha ni kazi ya afisa utumishi anayehakiki siku za likizo zilizobaki. Kuidhinisha ni kazi ya msimamizi. Ni hatua mbili za watu wawili. Mwandishi, kwa kukwepa kurudia, ameipa kazi ya mmoja jina la kazi ya mwingine, kisha akamalizia na "likikubaliwa", neno ambalo halipo popote kwenye mfumo. Simu zinaanza kumiminika dawati la msaada wa TEHAMA, na lawama ni ile ile: wafanyakazi hawasomi miongozo. Huyu alisoma. Alisoma kila neno na kulipa kila neno maana yake, kama msomaji makini anavyopaswa kufanya.

Imani kwamba kurudia neno ni umaskini wa lugha tumetoka nayo darasani. Mwanafunzi anaandika insha, mwalimu anaizungushia duara jekundu "nzuri" ya tatu na kudai "maridadi" au "ya kupendeza". Kwa mtoto anayejenga msamiati, zoezi hilo lina faida. Tatizo ni kwamba tunahitimu nalo, tunaajiriwa nalo, tunapanda vyeo nalo, kisha tunalifanya sheria ya maandishi yote, yakiwemo yale ambayo mtu anayasoma huku kidole kiko juu ya kitufe.

Hata kwenye fasihi yenyewe imani hii haina msingi. Kiswahili kina jina la heshima kwa kurudia kwa makusudi: takriri. Shairi lina kibwagizo kinachorudi ubeti baada ya ubeti, na hakuna anayemwambia malenga akibadilishe ili wasikilizaji wasichoke. Utenzi hubeba kina kimoja cha bahari katika mshororo wa mwisho wa kila ubeti, hata zikiwa beti mia kadhaa. Wazee waliotuachia sanaa hii hawakuwa maskini wa maneno. Walijua kurudia kunashikiza jambo kichwani. Waingereza nao waliuona ugonjwa huu wa kubadilisha maneno kwa ajili ya kupamba. Ndugu wawili, H. W. Fowler na F. G. Fowler, waliupa jina na kuukemea katika kitabu chao The King's English cha mwaka 1906. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mwandishi mzuri harudii neno, hatetei fasihi. Anatetea kalamu nyekundu ya darasani.

Tuache fasihi, twende kwenye kazi. Msomaji wa mwongozo hasomi kwa starehe na hasomi tangu mwanzo. Amekwama. Jicho moja liko kwenye skrini, la pili kwenye karatasi, na anachofanya ni kulinganisha herufi: hapa pameandikwa Wasilisha, na hapo pameandikwa Wasilisha, basi ni penyewe. Ukimwandikia "tuma" umemvunjia daraja. Akiwa na mwongozo kwenye kompyuta, ataandika "wasilisha" kwenye kisanduku cha kutafuta, na kila mahali ulipopamba kwa kisawe hatapaona. Maelezo yapo, umeyaandika mwenyewe, lakini kwake ni sawa na hayapo.

Halafu kuna suala la nani anasoma. Wengi wetu Afrika Mashariki tumekikuta Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani, na hata wanaokijua tangu utotoni hawakijui kwa namna moja. Ofisi moja ina tawi Nairobi na tawi Dar es Salaam. Huku wamezoea nambari, kule namba. Huku shuleni wamefundishwa tarakilishi, kule wanasema kompyuta. Ukiyachanganya yote kwenye hati moja kwa jina la utajiri wa msamiati, unamlazimisha kila msomaji kujiuliza kama tarakilishi ya ukurasa wa tatu ni kifaa kingine tofauti na kompyuta ya ukurasa wa pili. Chagua moja. Mwenye neno jingine atalizoea upesi, mradi asikutane na mawili.

Wale ambao kosa lao la maandishi linaweza kuua watu walishalimaliza swali hili zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mashirika ya ndege ya Ulaya yalilalamika kwamba miongozo ya matengenezo inawasumbua mafundi ambao Kiingereza si lugha yao. Watengenezaji wa ndege wakakaa chini, na mwaka 1986 ukatoka mwongozo wa Kiingereza kilichorahisishwa, ambao leo unajulikana kwa alama ASD-STE100. Kamusi yake inaruhusu maneno ya jumla mia tisa hivi, mbali na majina ya vipuri na ya kitaalamu, na kila neno lina maana moja. Kwa kitendo cha kuanza, kitenzi kilichoruhusiwa ni kimoja tu. Visawe vyake, ambavyo mwanafunzi yeyote wa Kiingereza anavijua, vimepigwa marufuku. Hakuna fundi aliyelalamika kwamba mwongozo wa injini umekosa ladha.

Wanasheria nao wanalijua hili. Tangu Tanzania ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, kazi ya kuandika na kutafsiri sheria kwa Kiswahili imekuwa kubwa, na mwandishi wa sheria huanza kwa kueleza maana ya maneno yake, kisha hayaachi. Akiandika "mwajiri" kifungu cha pili na "bosi" kifungu cha tisa, wakili wa upande wa pili atasimama kudai kwamba ni watu wawili, na atasikilizwa. Mfanyakazi wako anapouliza kama kutuma na kuwasilisha ni kitu kimoja, naye anastahili kusikilizwa.

Kosa hili lina pacha wake: neno moja kubebeshwa vitu vingi. Kwenye mifumo ya uhasibu, "akaunti" huwa ni ya benki, ni ya kwenye leja, na ni ya mtumiaji anayeingia kwa nywila. Nimeona mwongozo unaomwagiza mhasibu "afunge akaunti kabla ya kuondoka". Afunge ipi? Kutoka kwenye mfumo ni jambo la sekunde moja na halina madhara. Kufunga hesabu za mwezi ni jambo jingine kabisa, na kuzifungua tena kunahitaji idhini ya mkubwa. Andika "toka kwenye mfumo" kwa la kwanza na "funga hesabu za mwezi" kwa la pili, na neno "akaunti" lisisimame peke yake hata mara moja.

Sasa dawa ya mitaani. Mkuu akishakubali hoja hii, husema: "Basi bonyeza tafuta-na-badilisha, mara moja tumemaliza." Kwa Kiswahili haimalizi, inaongeza ugonjwa. Chukua sentensi "Nywila yako imeisha muda, ibadilishe." Iamuru mashine iweke "neno la siri" badala ya "nywila", utapata "Neno la siri yako imeisha muda, ibadilishe." Sentensi fupi, imevunjika mara tatu: ilitakiwa "Neno lako la siri limeisha muda; libadilishe." Nomino ya Kiswahili huvuta upatanisho wa sentensi nzima, na mashine ya kubadilisha maneno haijui hilo.

Vitenzi ni balaa zaidi. Iambie ibadilishe "tuma" kuwa "wasilisha" kila inapoikuta, na mfanyakazi anayeitwa Tumaini atageuka Wasilishaini kwenye orodha ya majina. Ukiizuia ibadilishe neno zima tu, itaruka "kutuma", "ulituma" na "nimetuma". Kwa vyovyote vile haitaiona "iliyotumwa". Kwa hiyo hati inatoka ikiwa na mchanganyiko mbaya kuliko ule wa mwanzo, na safari hii mwandishi anaamini ameshasafisha. Programu za kutafsiri zinazojiendesha nazo zina tabia hiyo hiyo: ukizipa kurasa bila orodha ya istilahi, zinaweza kukuletea kisawe kipya kila aya. Hakuna njia ya mkato. Mtu lazima asome, sentensi kwa sentensi.

Cha kufanya ni hiki, na hakihitaji mshauri wala bajeti.

Skrini ndiyo sheria. Kitufe kikiandikwa Wasilisha, mwongozo unaandika Wasilisha, hata kama wewe unapenda neno jingine. Ukiona neno la skrini ni baya, peleka hoja kwa watengenezaji libadilishwe kule, kisha ubadilishe mwongozo siku hiyo hiyo. Kama skrini ni ya Kiingereza na mwongozo ni wa Kiswahili, nakili maandishi ya kitufe yalivyo na ueleze kwa Kiswahili kinachofanya.

Tengeneza orodha ya istilahi ya ukurasa mmoja au miwili yenye safu tatu: neno tunalotumia, maana yake ndani ya mfumo huu, na maneno tusiyotumia. Safu ya tatu ndiyo watu wanaiacha, na ndiyo inayofanya kazi. Usianze kubuni maneno. Angalia kwanza yaliyosanifiwa na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na yale ambayo wafanyakazi wenyewe wanayatumia, kisha uamue. Orodha ya kurasa themanini haitasomwa na mtu.

Hatua ziandikwe kwa amri ya moja kwa moja: "Bonyeza", "Chagua", "Andika". Usichanganye na "unatakiwa kubonyeza" wala "mtumiaji abonyeze". Msomaji ni "wewe". Neno "mtumiaji" libaki kwa mtu wa tatu ambaye msimamizi wa mfumo anamfungulia akaunti ya mtumiaji. Hatua moja, sentensi moja. Ule mwongozo wa ndege umeweka kikomo cha maneno 20 kwa sentensi ya maelekezo. Kwa Kiswahili, ambacho hubeba mengi ndani ya kitenzi kimoja, unaweza kushuka chini ya hapo.

Amua kuhusu saa. "Mfumo hautapatikana kuanzia saa 6:00 hadi saa 10:00" ni tangazo la hatari, kwa sababu saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta zimepishana saa sita. Andika "saa 6:00 usiku (00:00)" kila mahali, kila mara. Tarehe nayo: mwezi uandikwe kwa jina, maana 03/04 huku ni Aprili na kwingine ni Machi.

Mpe mtu mmoja mamlaka ya orodha, jina la cheo chake liandikwe juu ya ukurasa pamoja na tarehe ya toleo. Kamati huzaa visawe.

Mwisho, jaribu mwongozo kwa mfanyakazi mgeni, ukiwa umekaa pembeni kimya. Anapouliza swali, usimjibu, rekebisha sentensi.

Na wakuu wa idara mnaoletewa rasimu, nawaomba kazi moja. Fungueni mfumo, wekeni mwongozo kando, mfuate hatua moja baada ya nyingine hadi mwisho. Mkikuta neno la karatasi halilingani na la skrini, au hatua imerukwa, andikeni pembezoni kwa herufi kubwa. Maoni ya namna hiyo yanamwokoa mfanyakazi, na hayo nitayafanyia kazi yote.