Niligawa Gemu ya Mume Wangu, Ikabidi Niitafute Kariakoo

Kosa ni langu, nalisema mapema ili msomaji usije ukanionea huruma bure. Wiki tuliyohama Sinza kwenda Goba nilikuwa nimechoka, nina hasira na kila kitu chenye waya. Juu ya kabati la mume wangu kulikuwa na boksi lenye pleistesheni 2 nyeusi, padi mbili na CD zilizochubuka. Miaka miwili ya ndoa sijawahi kuiona inawashwa. Mtoto wa jirani alikuwa anatusaidia kubeba mizigo, nikampa. Nikajiona mtu mwema kweli kweli.

Mume wangu hakugomba. Aliuliza tu kama na kadi ilikuwemo. Nikamwambia sijui kadi gani. Akasema, "Basi, yaishe," akaendelea kufungua kitanda. Akina dada mnaijua ile "yaishe" ya mwanaume. Haiishi.

Ilipita miezi mingi ndipo wifi yangu akanieleza. Mashine ile aliinunua kaka yao mkubwa, marehemu sasa. Kwenye kadi ya kumbukumbu kulikuwa na ligi ya Winning Eleven ambayo wao wawili walicheza nyumbani kwao Tanga, likizo baada ya likizo. Walikuwa wameunda hadi wachezaji wenye majina ya vijana wa mtaani kwao. Baba mzazi walimweka golini.

Ndiyo sababu Jumamosi moja nilijikuta kwenye uchochoro nyuma ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nikiulizia kiduka cha gemu za zamani.

Ukifika unaweza kukipita. Upana wake ni watu wawili wembamba. Rafu ya kushoto ni midoli: magari ya chuma yaliyobanduka rangi, Transfoma zisizo na mkono, Barbie wenye nywele zilizosukwa na mtu asiyejua kusuka, mfuko mkubwa wa matofali ya Lego yanayouzwa kwa kupimwa kwa kikombe. Kulia ni mashine. Kuna zile Nintendo za kuiga tulizokua nazo miaka ya tisini, zenye kanda za njano zilizoandikwa gemu 9999 ndani, na ukihesabu vizuri ni gemu chache tu zinazojirudia. Katikati, juu ya stuli, ipo TV ya kichogo. Wateja wote wanamwita mwenye duka Fundi. Yeye naye, mwanamke yeyote akiingia, humwita shemeji mpaka ithibitike vinginevyo.

Nilikwenda pale Jumamosi tatu mfululizo. Ya kwanza nilitaka mashine. Hizo nyingine, niseme ukweli, nilifuata wateja.

Aliyenifurahisha zaidi ni kaka mmoja wa benki, tai bado shingoni, aliyeingia amefura. Wiki iliyotangulia alikuwa amenunua ile bunduki ya kupigia bata, ya gemu ya Duck Hunt, toleo la mwaka 1984. Amefika nyumbani, ameita watoto, ameita na mkewe, amelenga, amefyatua. Bata wanapita tu. Yule mbwa anatoka majanini kumcheka, na watoto nao wanamcheka. Alikuja akiwa na hakika kwamba ameuziwa kopo.

Fundi hakubishana. Alichomeka bunduki ileile kwenye TV ya kichogo akamkabidhi. Bata wa kwanza akaanguka. Kumbe bunduki zile zinasoma mwanga wa kioo: TV ya zamani inachora picha mstari kwa mstari, haraka sana, na bunduki inakagua mwanga papo hapo unapovuta kifyatulio. TV bapa za leo zinachelewa kidogo kuonyesha picha, na ule muda ukipita bunduki haioni kitu. Yule kaka alisikiliza kama mwanafunzi. Kisha alicheza dakika arobaini amesimama, tai imelegea, akaondoka na TV ya pili ya kichogo kwenye bajaji. Mkewe atasemaje? Sikuuliza, ila nilimwombea.

Si wote wanaotoka na furaha. Kijana mmoja alileta pleistesheni aliyonunua kwingine, moja ya zile nene za mwanzo, imetoka Japani. Aliichomeka ukutani, ikatoa moshi. Mashine ya Japani inataka voti 100, soketi zetu zinatoa 230, na hakuna aliyemwambia anunue transfoma ya kushushia umeme. Fundi alifungua, akanusa, akafunga. Pale hakuna cha kutengeneza. Tangu siku hiyo mimi naona kuuliza umeme ni muhimu kuliko kuuliza bei, na kama muuzaji anakataa kuwasha mashine mbele yako, rudi nyumbani na hela zako. Uulize pia kama imewekewa chipu ili isome CD za kunakili. Nyingi za huku ziliwekewa, na ukiwa na CD halisi tu hutajali, lakini mwenye rundo la CD za mtaani atajali sana.

Halafu yupo dada aliyenunua Barbie. Alikuja amevaa vizuri, saa ya maana, funguo za gari mkononi. Alichagua nusu saa nzima. Mteja mwingine, kwa wema tu, akamuuliza mtoto wake ana miaka mingapi. Akajibu hana mtoto, anachukua wa kwake, sasa hivi ndiyo hela ipo. Duka likanyamaza kidogo. Fundi akamfungia kwenye gazeti, akamuongezea kiatu kimoja cha kushoto kilichokuwa kwenye kopo. Baadaye tuliongea nje. Kwao walikuwa wasichana watano, na mdoli mmoja wa mabaki ya vitambaa uliolala kwa zamu. Zamu yake ilikuwa Alhamisi. Sikumwandikia hapa jina kwa sababu aliniomba, na kwa sababu kazini kwake ni bosi.

Wapenzi wanaokuja pamoja ndio kichekesho. Mmoja anaona utoto wake, mwenzake anaona hela ya kodi. Niliwakuta wawili wakinong'onezana kwa ukali juu ya kikombe cha Lego. Dada anasema si bora wanunue mapya, kaka anamweleza kwamba tofali la Lego la mwaka 1958 linashikana na la leo bila tatizo, kwa hiyo ya zamani na mapya ni kitu kimoja. Dada akasema, "Kama ni kitu kimoja, basi tuchukue ya bei rahisi." Kaka akatabasamu. Ya bei rahisi ndiyo yale ya kikombe. Nadhani alikuwa ameupanga mtego huo tangu kwenye daladala.

Sasa nirudi kwangu. Nilipomweleza Fundi nataka PS2, alinionyesha nne. Ni mashine iliyotoka Japani mwezi Machi 2000, Sony wakaacha kuitengeneza mwaka 2013 baada ya kuuza zaidi ya milioni 155, kwa hiyo kuipata si kazi. Nikachagua iliyo safi. Akaniuliza mzee anapenda gemu gani, nikajikuta namsimulia kila kitu, mpaka baba golini.

Aliirudisha mashine kwenye rafu. "Shemeji, kadi iko wapi?"

Nikasema si ilikwenda na mashine, imeshapotea. Akatikisa kichwa. Kanda za zamani, alinieleza, baadhi zinatunza kumbukumbu kwa kibetri kidogo kama cha saa, na betri likifa kila kitu kinafutika. Watu wanamletea kanda wabadilishiwe betri, na yeye huwaonya kwanza, maana ukilitoa tu, kilichosevwa kimekwenda. Kadi ya PS2 haina betri. Ukubwa wake ni MB 8, kidogo kuliko picha mbili tatu za simu ya leo, lakini inaweza kukaa droo miaka na miaka ikiwa na kila kitu. Kama hakuna aliyefuta, ligi ipo.

Akakataa kuniuzia kitu siku ile. Nilikasirika, nakiri. Mtu una hela mkononi!

Nilikwenda Sinza kesho yake. Yule mtoto wa jirani sasa ana ndevu na yuko chuo. Mashine ilishakufa, mama yake akaiuza kwa wanunua vyuma chakavu. Moyo ukanishuka. Kadi je? Akaingia chumbani, akakaa sana, akatoka nayo, imeandikwa kwa kalamu ya kucha herufi mbili ambazo si za mume wangu. Alikuwa ameitumia kwa gemu zake mwenyewe mpaka ikajaa. Akaniambia, bila mimi kumuuliza, kuna vitu alifuta ili apate nafasi. Hakumbuki vipi.

Jumamosi ya tatu Fundi aliichomeka. Orodha ikatokea kwenye TV ya kichogo, na mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Gemu za magari. Gemu za kupigana. San Andreas. Faili mbili za Winning Eleven, na ya kwanza ilikuwa ya yule kijana. Ya pili tuliifungua, tukaenda kwenye orodha ya wachezaji, na golini kulikuwa na jina la baba mkwe wangu. Msimu wenyewe ulikuwa umefutwa, jedwali la ligi halipo, magoli yao hayapo. Wachezaji walikuwepo wote.

Kabla ya kunipa, Fundi alichomeka kadi ya pili kwenye nafasi ya jirani, maana PS2 ina nafasi mbili, akanakili kila kitu. Akaifunga ya zamani kwa karatasi. Akaniambia hii asiiandike kitu tena, achezee hiyo mpya. Mashine, padi na kadi, elfu tisini. Kazi ya kunakili hakuichaji.

Usiku ule mume wangu aliwasha, akaona majina, akapunguza sauti ya TV ingawa hakukuwa na kelele. Alipita mchezaji mmoja mmoja, ananieleza nani alikuwa nani: huyu muuza maandazi, huyu alikwenda Oman, huyu walimpa kasi ndogo kwa sababu aliwadai. Tulilala saa nane.

Siku iliyofuata alinipa padi ya pili. Alinifunga saba bila, na akasevu kwenye kadi mpya.