Usifute Linux haraka: mashini haijakufa

Wandugu, niko Bengamisa, kilomita kama 50 toka Kisangani kwa barabara ya Buta. Wiki iliyopita mdogo mmoja, mwanafunzi wa agronomia, alinifikia na mashini yake mkononi: "Yaya, mashini imekufa. Nataka niiformate." Ndani mlikuwa majibu ya wakulima wa kakao aliowauliza kwa ajili ya memwari yake. Kopi nyingine hana.

Nikafungua terminali ya Debian yake. Nikaandika ls, ikajibu "commande introuvable". Nano, vilevile. Lakini cd ilikubali, na echo pia. Hapo nikajua ugonjwa ni nini.

Cd na echo zinakaa ndani ya Bash yenyewe. Ls na nano ni programu za pembeni, na Bash inazitafuta kwa kufuata orodha ya njia inayoitwa PATH. Nikaandika echo $PATH: ikaonyesha njia moja tu. Kumbe mdogo alikuwa amenakili mstari toka kwa picha ya simu, akauweka mwishoni mwa faili .bashrc:

export PATH=$HOME/bin

Alisahau kipande cha mwisho, na orodha yote ya zamani ikafutika. Programu zenyewe zilikuwa mahali pao. Ni sawa na mtu aliyepoteza karata ya mji: nyumba hazijabomoka.

Dawa ni mistari miwili:

export PATH=/usr/bin:/bin
nano ~/.bashrc

Wa kwanza unarudisha njia kwa muda, kwa dirisha lile tu. Wa pili unakufungulia faili, usahihishe hivi:

export PATH="$HOME/bin:$PATH"

Sasa, faili gani inasomwa lini? Hapa ndipo wengi tunapotea. Ukifungua dirisha la terminali, kwa kawaida Bash inasoma .bashrc. Ukiingia kwa ssh ao kwa skrini ya maandishi matupu, inasoma /etc/profile, kisha inatafuta .bash_profile, .bash_login na .profile, kwa mpangilio huo, na inasoma ile ya kwanza tu inayoipata. Kwa hiyo ukijitengenezea .bash_profile, .profile yako inanyamaza bila kukuambia kitu. Umebadilisha faili na hakuna kilichobadilika? Pengine umeandika kwa faili ambayo haisomwi.

Mambo matatu ya kushika:

1. Kabla ya kugusa, fanya kopi: cp ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani

2. Ukimaliza, andika bash -n ~/.bashrc. Ikinyamaza, sarufi ni nzuri. Lakini PATH mbaya haitaiona, basi fungua dirisha la pili ujaribu kabla ya kufunga la kwanza.

3. Ukiharibu kabisa, faili safi iko: /bin/cp /etc/skel/.bashrc ~/ Ila ile yako ya sasa itafunikwa, ndiyo maana kopi inatangulia.

Kazi yote haikumaliza dakika kumi, wala haikula mega hata moja. Kuformate kungemrudisha kwa wakulima, shamba kwa shamba, kuuliza upya. Kabla hajaondoka nilimlazimisha aweke majibu yale kwa flash mbili.

Na wewe, memwari yako iko na kopi ngapi?