Mtoto Wako na Kitabu

Sasa unajua kusoma. Unasoma barua yako mwenyewe, unasoma bei dukani, na unasoma kadi ya kliniki ya mtoto. Ulijifunza jioni, baada ya kutoka shamba au pwani, na mwili umechoka. Hiyo ni kazi kubwa.

Katika somo hili tutazungumza habari za mtoto wako. Yeye anakwenda shule. Je, akirudi nyumbani anasoma nini?

Wazazi wengi hujibu, "Anasoma shuleni, inatosha." Haitoshi. Mtoto wa darasa la pili hufundishwa herufi na maneno. Likizo ikifika anachunga mbuzi, anaokota nazi, anamsaidia baba kutengeneza nyavu. Wiki nne hashiki kitabu. Akirudi darasani, mwalimu anaona amesahau mengi. Mkulima aliyekaa muda mrefu bila kushika jembe huota malengelenge siku ya kwanza ya kulima. Macho ya mtoto nayo ni hivyo hivyo.

Jambo hili si la watoto peke yao. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, 67 hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, katika ofisi za kijiji na misikitini. Ilipofika mwaka 1986, waliokuwa hawajui kusoma walibaki karibu 10 katika kila 100. Lakini wako waliofaulu mtihani wa kisomo, kisha wakasahau kwa sababu hawakuwa na cha kusoma. Ndiyo maana vijiji vilipewa maktaba ndogo, na magazeti kama Elimu Haina Mwisho yakachapwa kwa ajili ya wanakisomo. Maandishi makubwa, maneno mepesi, habari za shamba na afya. Bila cha kusoma, kisomo hufa.

Na mtu asiyejua kusoma hupata hasara ya kweli. Unawajua wazee waliotia dole gumba kwenye karatasi wasiyoielewa, na baadaye wakaambiwa kuwa minazi yao si yao tena. Hutaki mtoto wako afike huko, naye alikwenda shule.

MAKTABA NI NINI?

Maktaba ni nyumba ya vitabu vya watu wote. Si duka. Huuziwi kitabu, unaazimwa. Unakisoma hapo hapo, au ukiwa mwanachama unakwenda nacho nyumbani, na siku iliyoandikwa unakirudisha ili mwenzako naye akisome. Mtu anayeitunza maktaba huitwa mkutubi. Kazi yake ni kukusaidia, kwa hiyo usiogope kumwuliza.

Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Bodi ya Maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka 1975 ikaja sheria nyingine, na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inaendesha maktaba za mikoa mpaka leo.

Mkoa wetu wa Tanga una bahati. Maktaba ya mjini Tanga ni ya zamani kuliko Bodi yenyewe. Ilijengwa katika miaka ya 1950, wakati wa Waingereza, kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Sita. Wakati huo mtoto wa mvuvi hakuwa na nafasi kubwa ya kuingia humo. Leo ni yake. Ukienda Tanga kuuza machungwa au kumwona mgonjwa Bombo, mchukue mtoto. Mpitishe maktaba. Mwambie mkutubi, "Nimemleta mtoto, tunataka vitabu vya watoto." Uliza pia juu ya uanachama: ada ni kiasi gani, mtoto anahitaji mdhamini gani, na kitabu kinakaa nyumbani siku ngapi. Andika majibu kwenye daftari lako.

Usione haya kwa sababu ya nguo za shamba. Mlango ule haumwulizi mtu nguo. Mikono tu iwe safi, maana mafuta ya samaki hayatoki kwenye karatasi.

KABATI LA KIJIJI

Lakini Tanga ni mbali kwa wengi wetu. Mtu wa Moa au wa Kigombe hawezi kupanda gari kila wiki kwa ajili ya hadithi. Kwa hiyo tuangalie kilicho karibu.

Katika kijiji kimoja cha pwani niliuliza kama wana maktaba. Wakaniambia ndiyo, iko kabati ofisini. Nikaomba kuiona. Ufunguo ulitafutwa muda mrefu. Kabati lilipofunguliwa, vitabu vya chini vilikuwa vimeliwa na mchwa, vya juu vilikuwa vipya kabisa. Hakuna aliyevigusa. Niliuliza kwa nini. Nikajibiwa, "Tunaogopa vitapotea."

Ndugu msomaji, kitabu kilichochanika kwa kusomwa na watoto ishirini kimefanya kazi yake. Kilicholiwa na mchwa hakikumfaa mtu. Ni kweli, vitabu viwili vitatu vitapotea. Hiyo ni gharama ya maktaba, na ni ndogo kuliko gharama ya kufunga mlango.

Kama kijiji chako kina kabati la namna hiyo, au shule ina sanduku la vitabu, zungumza na mwalimu mkuu na serikali ya kijiji. Achaguliwe mtu mmoja wa kushika ufunguo, mtu anayekaa karibu na asiyesafiri sana. Awe na daftari lenye mistari minne: jina la msomaji, jina la kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Kabati lifunguliwe siku zinazojulikana. Liinuliwe juu ya matofali ili mchwa wasipande, na lisigusane na ukuta wenye unyevu. Hapa pwani unyevu ni adui mkubwa kama mchwa. Siku ya jua kali vitabu vipigwe hewa kivulini.

Wenzetu wa Kenya walikuwa na shida kubwa zaidi. Katika wilaya kavu za kaskazini-mashariki, watu wanahama na mifugo yao na barabara ni mchanga mtupu. Mwaka 1996 Shirika la Maktaba la Kenya lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hubeba hema la kusomea. Watoto hukaa chini ya hema na kusoma. Sisi tuna baiskeli, bodaboda na madau. Tukitaka sanduku la vitabu litoke Pangani Mjini lifike kijiji cha jirani, litafika.

VITABU SI VITU VYA WAGENI

Wako wazee wanaosema kuwa vitabu ni mambo ya wageni. Hapa kwetu maneno hayo hayana msingi.

Kabla ya serikali yoyote kujenga shule, watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wadachi walipoingia Pangani mwaka 1888, na Abushiri bin Salim akapigana nao, mshairi mmoja wa Tanga aliiandika habari hiyo yote kwa utenzi. Jina lake Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889, lakini habari zake tunazisoma kwa mkono wa mtu wa kwetu. Kule Magila, Muheza, wamisionari walichapa gazeti la Habari za Mwezi miaka ya 1890. Mwaka 1904 shule ya serikali ya Tanga ikaanza kutoa gazeti la Kiongozi, na watu wa mbali walileta barua zao ndani yake.

Na Shaaban Robert ni nani? Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui. Alikuwa karani wa forodha Pangani. Mchana anaandika hesabu za bandari, usiku anaandika mashairi. Alifariki mwaka 1962, na kaburi lake liko Machui. Mtoto wa Tanga anayesoma kitabu cha Shaaban Robert anasoma maneno ya babu yake.

VITABU GANI?

Mtoto wa miaka sita au saba mpe kitabu chenye picha kubwa na mistari miwili mitatu katika kila ukurasa. Vitabu vya namna hiyo vya Kiswahili viko vingi sasa kuliko zamani, kwa sababu tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umewasaidia waandishi wa Tanzania kuandika na umevipeleka vitabu hivyo shuleni. Ndani yake utakuta kuku, kisima, bibi, mvua. Mtoto anavijua vitu hivyo, kwa hiyo neno linamjia upesi.

Mtoto wa darasa la tatu na la nne mpe hekaya za Abunuwasi. Hakuna mtoto wa pwani asiyezipenda. Wakubwa kidogo, wa darasa la sita na kuendelea, wapewe Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ni habari ya mtu mwema na ndugu zake wawili wenye wivu waliogeuzwa manyani. Lugha yake ina maneno mazito, lakini hadithi inavuta. Kusadikika kiache kwanza. Ni kitabu kizuri sana, ila mtoto mdogo atakichoka, na mtoto akichoshwa na kitabu mapema hakirudii.

Utajuaje kama kitabu ni kigumu mno? Mfungulie ukurasa mmoja asome. Kila neno linalomshinda, akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho kingoje mwaka ujao. Hata wewe unaweza kujipima hivyo.

KUSOMA PAMOJA

Labda unasema, "Mimi mwenyewe nasoma polepole. Nitamsomeaje mtoto?" Soma hivyo hivyo polepole. Mtoto haoni haya kwa ajili yako, anaona mama yake au baba yake ameshika kitabu. Pitisha kidole chini ya maneno. Mkishindwa na neno, ligaweni vipande kama mlivyofundishwa: m-ka-ra-fu-u.

Tuchukue mfano. Abunuwasi aliazima sufuria kwa tajiri. Aliporudisha, akatia sufuria ndogo ndani yake, akasema sufuria imezaa. Tajiri akafurahi, akachukua zote mbili. Hapo simama. Mwulize mtoto, "Kwa nini tajiri hakukataa? Unafikiri nini kitatokea?" Mwache aseme. Kisha endeleeni. Safari ya pili Abunuwasi aliazima tena, na sufuria hakuirudisha. Akasema imekufa. Tajiri akakasirika: sufuria hufaje? Abunuwasi akamjibu kuwa aliyekubali kwamba sufuria huzaa na akubali kwamba hufa. Mtoto atacheka, na kesho atamsimulia mwenzake. Atakapokisoma peke yake, maneno tayari anayajua.

Usimchape mtoto kwa kukosea neno. Kofi moja juu ya kitabu, na mtoto atakimbia kila aonapo karatasi.

Dakika ishirini kwa siku zinatosha. Wakati mzuri ni baada ya chakula cha jioni, ule ule wa hadithi na vitendawili. Na hadithi za bibi zisiachwe. Mtoto aliyezoea kuitikia "Tega!" amezoea kusikiliza na kufikiri, na huko ndiko kusoma kunakoanzia.

Neno moja juu ya watoto wa kike. Mvulana akirudi shule hucheza mpira. Msichana hutumwa maji, kuni, na kumbeba mdogo wake. Jioni ana usingizi. Mpunguzie kazi moja, upate dakika zake ishirini. Mvulana anaweza kuteka maji.

NYUMBA ISIYO NA KITABU

Kama hamna kitabu hata kimoja, tazama kamba ya nguo. Kila kanga ina maneno yake pembeni. Mwambie mtoto asome kanga ya mama, kanga ya shangazi, kanga ya jirani, kisha amweleze bibi maana yake. Mengine hataweza kuyaeleza, na mengine bibi atacheka na kukataa kumwambia. Soma gunia la unga, kibao cha zahanati, jina la dau ufukweni, maandishi nyuma ya basi. Hata simu ina maandishi. Mtume mtoto akusomee ujumbe uliotumwa na kaka yake.

Kisha mwambie akuandikie majibu.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kijiji chetu kina vitabu wapi? Nani ana ufunguo?
2. Kwa nini watu wa kijiji kile waliogopa kuazimisha vitabu? Ninyi mngefanya nini?
3. Leta kanga moja darasani. Someni maneno yake. Yana maana gani?
4. Andika majina ya hadithi tatu ulizosimuliwa ulipokuwa mtoto. Chagua moja, uiandike kwa mistari kumi ili mtoto wako aisome.