Fedha za mfuko huandikwa siku ile ile

Tuseme kijijini kwenu mna mfuko wa kuwasaidia yatima. Mnachanga, mnanunua sare na madaftari ya shule. Mweka hazina ni mtu mwaminifu, hakuna anayemshuku. Je, kuna haja ya kuandika hesabu?

Haja ipo. Tazama mfano huu.

Tarehe 1 Machi mfuko ulikuwa na shilingi 140,000. Mwezi huo wanachama wakachanga shilingi 85,000. Jumla ikawa 225,000. Zikanunuliwa sare kwa shilingi 60,000 na madaftari kwa shilingi 18,000. Matumizi yote ni 78,000. Basi kitabu kinasema salio ni shilingi 147,000.

Mwisho wa mwezi sanduku likafunguliwa mbele ya kamati. Fedha zikahesabiwa mara mbili. Ni shilingi 141,000. Sasa je, elfu sita zimekwenda wapi? Watu wakaanza kutazamana. Mweka hazina akajishika kichwa, na baadaye ndipo akakumbuka: alilipa nauli ya bodaboda kwenda mjini kuchukua sare. Hakuiandika.

Hakuiba. Lakini maneno yalikwisha anza kutembea, na maneno ya namna hiyo hayarudi upesi.

Mwenye bodaboda hatoi risiti, ni kweli. Hata hivyo karatasi ndogo inatosha kuweka kumbukumbu: tarehe, kiasi, safari ya wapi, sahihi ya aliyelipwa na sahihi ya aliyelipa. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Dukani dai risiti, na kama duka lina mashine ya risiti, usikubali ya mkono. Anayetoa mchango naye apewe stakabadhi, hata kama ametoa shilingi 500. Kisha kila karatasi ipewe namba, na namba hiyo iandikwe kitabuni.

Kitabu chenyewe si kigumu. Upande mmoja fedha zilizoingia, upande wa pili zilizotoka. Ukikosea usifute, piga mstari mmoja, andika tarakimu sahihi juu yake, utie sahihi. Na anayetunza fedha asiwe ndiye anayekagua.

Sasa tuje kwenye kodi. Hapa wengi hupotea. Husema, "Sisi ni wa kusaidia, tumeandikishwa, kodi haituhusu." Hapana. Katika Tanzania kuandikishwa ni jambo moja, na kutambuliwa na Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, kuwa shirika la hisani ni jambo jingine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataka Kamishna Mkuu akubali kwanza, kwa maandishi. Lazima aone kwamba kazi yenu ni kama kuwaondolea watu umaskini au kuendeleza elimu. Bila hati hiyo mnahesabiwa kama wengine, na fedha zilizobaki zinaweza kutozwa kodi. Matumizi yasiyo na karatasi yanaweza kukataliwa, hata kama yatima mwenyewe amevaa sare.

Hata wenye hati hupeleka ritani ya mapato kila mwaka, katika miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Mwaka wenu ukiisha tarehe 31 Desemba, mwisho ni tarehe 30 Juni. Kuchelewa kuna faini. Na mkimwajiri mtu mshahara unaofikia kiwango cha kodi, mkateni kodi yake, muipeleke TRA katika siku 7 baada ya mwezi kwisha. Hiyo si kodi ya mfuko, ni ya mwajiriwa. Ndiyo maana hati ya hisani haiwaokoi.

Mwenye kitabu cha kila siku hujumlisha miezi 12, akaenda TRA bila hofu. Mwingine mwezi wa Juni huzunguka kijiji kizima akiuliza nani alilipwa nini.

Vitabu na risiti visichomwe baada ya ritani. Vitunzwe miaka 5, katika sanduku la bati, maana mchwa wameshatafuna hesabu nyingi.