Nyayo za Simu kama Ushahidi: Mafunzo ya Urekodi wa Safari za Glaida kwa Utafiti wa Mienendo ya Watu Kariakoo

Utangulizi

Tasnifu inayodai kwamba mbeba mizigo wa Kariakoo hutembea umbali fulani kwa siku inatoa dai linaloweza kupimwa. Siku hizi kipimo chenyewe huwa ni simu janja. Programu-tumizi huwashwa, simu hutiwa mfukoni, na jioni hupatikana faili lenye mfululizo wa nukta, kila nukta ikiwa na saa na mahali. Katika makala haya mfululizo huo unaitwa nyayo. Swali linalojadiliwa ni moja: nyayo hizo huwa ushahidi kwa masharti gani?

Mbinu hii si ngeni Afrika Mashariki. Jijini Nairobi, mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, uliwatumia wanafunzi waliopanda matatu huku wakirekodi njia kwa simu. Ramani yake ilitolewa mwaka 2014. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi katika kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko. Hata hivyo, kanuni za kuithibitisha safari ya mtu mmoja zilikomaa zaidi kwingineko, yaani miongoni mwa marubani wa glaida.

Kanuni za angani

Glaida ni ndege isiyo na injini inayopanda kwa msaada wa mikondo ya hewa. Rubani anayedai kuwa amefika mbali mara nyingi hana shahidi wa macho, hivyo rekodi ndiyo humsemea. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, kupitia kamisheni yake ya glaida, IGC, liliweka muundo wa faili unaotumiwa pia na programu za simu kama XCSoar na XCTrack. Kila mstari wa nukta hubeba saa, latitudo, longitudo, alama ya uhalali wa kipimo, na mwinuko wa aina mbili: unaotokana na kanieneo ya hewa na unaotokana na setilaiti.

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa hapa. Kwanza, vipimo viwili vya mwinuko havichanganywi, kwa sababu vyanzo vyake ni tofauti. Pili, nukta yenye kipimo hafifu haifutwi, bali hutiwa alama. Tatu, faili hufungwa kwa saini ya kidijitali, hivyo tarakimu moja ya nukta ikibadilishwa, saini haikubali tena. Pamoja na hayo yote, rekodi ya dunia hudai kifaa maalumu kilichoidhinishwa na IGC. Simu pekee haitoshi. Kwa maneno mengine, kiwango cha ushahidi hupanda kadiri dai linavyokuwa kubwa.

Mahali: kuta za Kariakoo

Angani hakuna kinachoizuia simu kuziona setilaiti. Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukadiria mahali ilipo kwa usahihi wa mita 5 hivi. Kariakoo ni tofauti. Nyumba za zamani za Kiswahili zimepisha maghorofa, na mitaa kama Swahili, Sikukuu na Kongo imebanwa na kuta pande zote mbili. Mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta na kuifikia simu yakiwa yamechelewa. Mawimbi hayo husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kuchelewa kwa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde huongeza mita 30 katika umbali uliokadiriwa kutoka kwenye setilaiti. Kosa la kiasi hicho laweza kumhamishia mbeba mizigo upande wa pili wa jengo, na hata mtaa mwingine.

Tatizo huongezeka simu inapochanganya setilaiti, mitandao ya Wi-Fi na minara ya simu bila kumwonyesha mtumiaji chanzo cha kila nukta. Programu za kuongoza madereva huenda mbali zaidi, kwani huisogeza nukta hadi barabara iliyo karibu kwenye ramani. Nyayo zikanyooka na kupendeza, lakini njia ya mkato iliyopita katikati ya meza za wamachinga imepotea. Mtafiti wa mienendo ya sokoni anahitaji nukta ghafi pamoja na kadirio la usahihi la kila nukta, ambalo mifumo ya simu hulitoa.

Muda na umbali

Nafasi ya muda kati ya nukta hubadili matokeo. Mtu anayetembea kilomita 4 kwa saa huenda takribani mita 67 kwa dakika. Programu inayorekodi mara moja kwa dakika yaweza kuruka kona nzima na kupunguza umbali halisi. Kurekodi mara nyingi kuna hatari ya kinyume. Mfanyabiashara aliyeketi kwenye meza yake, simu ikiandika kila sekunde 5 na kila nukta ikiyumba mita 3, atahesabiwa kuwa ametembea mita 2,160 kwa saa moja bila kuinuka. Kwa hiyo umbali unaotajwa katika tasnifu bila kutaja nafasi ya muda na namna ya kuchuja nukta za mtu aliyetulia haujulikani unapima nini.

Saa nayo ina mtego wake. Faili la IGC hutumia saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Mtoa taarifa anayesema alishusha mzigo saa nne asubuhi ataonekana kwenye faili saa 07:00. Mahojiano na nyayo vitapatana tu endapo ubadilishaji huo umeelezwa wazi.

Ridhaa

Kuna jambo moja ambalo kanuni za glaida hazilitatui. Rubani huichapisha safari yake kwa hiari na kwa fahari. Nyayo za mbeba mizigo, hata jina lake likiondolewa, huonyesha alipolala, anapohifadhi mzigo na njia anayopita kuwakwepa wanaomwondoa barabarani. Mahali zinapoanzia asubuhi na zinapoishia jioni panatosha kumtambulisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za namna hii chini ya ulinzi wa kisheria. Kwa sababu hiyo, faili ghafi halipaswi kuambatishwa kwenye tasnifu inayosomwa na kila mtu. Linalofaa ni kulihifadhi chini ya ulinzi, likiwa na alama ya kuthibitisha kuwa halijabadilishwa, na kuchapisha nakala iliyokatwa ncha zake mbili.

Hitimisho

Nyayo za simu ni kauli ya kifaa kuhusu safari, na kama kauli ya shahidi yeyote huhitaji kuhojiwa. Mtahini ana haki ya kuuliza maswali matano: chanzo cha kila nukta ni kipi, usahihi wake ni upi, nafasi ya muda ni ipi, faili la awali liko wapi, na mwenye nyayo aliridhia nini? Tasnifu yenye majibu haya inaweza kutetea hata umbali mdogo uliotembewa kati ya Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Lumumba. Isiyo nayo huwa na mstari tu juu ya ramani, na mtu ambaye huenda imemweka hatarini.