Mzigo Usiofunikwa Haujapakiwa

Barabara itokayo Kitale na kupita Eldoret kwenda Nakuru hupanda mpaka Timboroa, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya futi 9,000. Huko asubuhi inaweza kuwa ya jua zuri, na kabla ya saa tisa za mchana ukungu ukashuka na mvua ikanyesha kwa nguvu. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huvunwa zaidi kati ya Oktoba na Desemba, na mengi husafirishwa kwa malori kupita njia hiyo. Kwa hiyo mkulima aliyepakia mzigo wake katika jua la nyumbani asidhani kwamba jua hilo litamsindikiza mpaka sokoni.

Mara nyingi hutokea hivi. Mkulima amelima mapema, amepanda mbegu bora, amepalilia mara mbili, na amekausha mahindi yake uani kwa siku nyingi. Anakodi lori la sakafu wazi, lisilo na kuta wala paa. Magunia 120 yanapangwa, na juu yake linatupwa turubai kuukuu, kwa sababu dereva amesema kwamba leo hakuna mvua. Mvua inawakuta njiani. Mnunuzi anapochoma kipima unyevu katika magunia ya juu, anatikisa kichwa. Kazi ya miezi mingi imeharibika kwa saa moja, wala kosa halikuwa la shambani. Lilikuwa kosa la kitambaa na kamba.

HESABU YA MVUA

Watu wengi hudhani kwamba maji yanayoingia katika mzigo ni matone tu. Na tufanye hesabu. Sakafu ya lori yenye urefu wa futi 20 na upana wa futi 8 ina eneo la mita za mraba 15 hivi. Mvua ya milimita 25, yaani inchi moja, huangusha juu ya eneo hilo maji lita 370 hivi, sawa na madebe 18 ya lita 20. Hakuna mkulima ambaye angemruhusu jirani amwagie madebe 18 ya maji juu ya magunia yake. Lakini turubai lililochanika huyaruhusu maji hayo hayo bila kuuliza.

Mahindi ya kuweka ghalani hutakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi hapo, kuvu huanza kuota, na kuvu nyingine hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na nyingine za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu nyumbani. Hayakulowa katika malori. Lakini kuvu haijali maji yametoka wapi. Gunia lililonyeshewa njiani, kisha likasukumwa ghalani katikati ya magunia makavu, ni hatari kama lile lililofungwa likiwa bichi.

AINA TATU ZA TURUBAI

Aina ya kwanza ni turubai la pamba, kitambaa kizito kilichotiwa nta. Nyuzi zake huvimba zikipata maji na kuziba nafasi zilizo kati yake, tena hupitisha hewa kidogo, jambo ambalo hufaa nafaka. Udhaifu wake ni kwamba huwa zito sana likilowa, na likikunjwa kabla ya kukauka huoza. Tena mahali gunia linaposukuma kitambaa kilicholowa, maji huanza kupenya.

Aina ya pili ni turubai la PVC, yaani kitambaa cha nyuzi za polyesta kilichopakwa plastiki pande zote mbili. Hili halipitishi maji kabisa, wala halichaniki upesi. Uzito wake hutajwa kwa gramu za kila mita ya mraba, na mengi ya malori huwa kati ya gramu 500 na 900. Kwa safari ndefu za mara kwa mara, ndilo la kutegemewa.

Aina ya tatu ni turubai jepesi la plastiki iliyosukwa. Bei yake ni ndogo, na kwa kufunika mzigo uliosimama uani kwa siku chache linatosha. Lakini likipigwa na jua kwa muda mrefu huanza kupukutika, na likipeperushwa na upepo wa barabarani huchanika kuanzia kwenye matundu ya kamba. Anayelinunua kwa ajili ya lori kwa sababu ya urahisi wake, atalinunua tena baada ya muda mfupi, na pengine atakuwa amekwisha kulipa kwa mahindi yake.

KIPIMO CHAKE

Turubai lisipimwe kwa macho. Tuseme sakafu ya lori ni futi 20 kwa 8, na magunia yamepangwa mpaka urefu wa futi 4 kwenda juu. Upana unaohitajika ni futi 8 za juu, futi 4 za kila upande, na futi moja zaidi kila upande ili ukingo ushuke chini ya sakafu: jumla futi 18. Kwa hesabu iyo hiyo, urefu ni futi 30. Turubai la PVC la kipimo hicho, lenye gramu 600 kwa mita ya mraba, lina uzito wa kilo 30 hivi, nalo huweza kupandishwa na watu wawili. Turubai linaloishia katikati ya magunia huyamwagia maji magunia ya pembeni badala ya kuyalinda.

Kabla ya kupakia, dereva na utingo walishike turubai juu ya vichwa vyao mchana, wakalitazame kutoka chini. Tundu lolote, hata dogo kama la sindano, litaonekana liking'aa kama nyota. Tundu hilo lizibwe siku hiyo hiyo kwa kiraka na gundi ya aina ya kitambaa chenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

NAMNA YA KUFUNIKA

Jambo la kwanza ni kukumbuka kwamba turubai si kamba. Magunia yafungwe kwanza kwa kamba au mikanda yake, yakae imara hata kama hakuna turubai, ndipo yafunikwe. Dereva anayelitegemea turubai kuyashika magunia huhatarisha maisha ya watu walioko barabarani.

Pili, magunia ya katikati yapangwe juu kidogo kuliko ya kando, ili mzigo uwe na mgongo kama paa la nyumba. Shimo la upana wa mita moja kila upande, likijaa maji kwa kina cha sentimita 10, hubeba lita 100, ambazo ni kilo 100. Huo ni uzito wa kuzidi gunia zima la mahindi la kilo 90, nao hulikandamiza turubai mpaka maji yapate njia.

Tatu, pembe zote kali za chuma au mbao zifunikwe kwa magunia makuukuu kabla ya turubai kuwekwa juu yake. Matundu mengi ya turubai hutokana na msuguano wa safari, wala si na uzee.

Nne, ikiwa yanatumiwa maturubai mawili, la nyuma liwekwe kwanza, na la mbele lilalie juu yake, kwa sababu upepo hutoka mbele. Yakiwekwa kinyume, upepo utaingia katikati na kuyafunua yote. Ukingo wa mbele ukunjwe na kubanwa sana. Ifahamike kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo huongezeka mara nne. Kwa hiyo fundo lililoshika vizuri katika kilomita 40 kwa saa laweza kufumuka katika 80.

Tano, kila tundu lenye pete ya chuma lifungwe. Lisirukwe hata moja. Kamba ya katani hukaza ikilowa na hulegea ikikauka. Ya nailoni nayo huvutika. Wengi hutumia mipira iliyokatwa kutoka tyubu za magurudumu, nayo husaidia kwa kuwa hurudi inapovutwa. Kamba yoyote iwayo, dereva asimame baada ya kilomita chache za kwanza akaikaze tena, na kila anaposimama njiani aizunguke gari kabla ya kwenda kunywa chai.

TURUBAI HALIKAUSHI MAHINDI

Wako wanaofunga mahindi mabichi wakitumaini kwamba kwa kuwa yamefunikwa yatafika salama. Hilo ni kosa kubwa. Nafaka yenye unyevu huwa na joto, na joto hilo huinua mvuke. Usiku wa baridi, mvuke hugusa turubai lisilopitisha hewa, hugeuka matone, na kuyarudia magunia ya juu. Asubuhi mwenye mali huona maji akadhani turubai limevuja, kumbe ni jasho la mahindi yake mwenyewe. Hivyo mahindi yakauke kwanza, ndipo yafunikwe. Lori likilala njiani na asubuhi ikawa ya jua, kingo zifunguliwe kidogo ili hewa ipite.

Tena turubai lililobeba mbolea, dawa za mimea au saruji, au lililopakaa mafuta, lisifunike chakula. Baada ya kila safari lipanguswe, lianikwe mpaka likauke, likunjwe, na kuwekwa mbali na panya.

Mkulima anayekodi lori anayo haki ya kulitazama turubai kabla ya kupakia gunia la kwanza, kama anavyoyatazama magurudumu. Akionyeshwa kitambaa kilichochakaa, na alikatae lori hilo akalitafute jingine, au anunue turubai lake mwenyewe kwa ushirika na jirani zake, walitumie kwa zamu wakati wa mavuno. Gharama yake ikigawanywa kwa magunia yote litakayoyafunika, mwaka hadi mwaka, itaonekana kuwa ndogo kuliko hasara ya mvua moja.

Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mwenye busara hafuniki mzigo wake kwa kuwa ameyaona mawingu. Huufunika kabla lori halijaondoka uani, jua likiwa bado linawaka.