Je, Wajua? Gorila, Mapipa na Seremala Aliyekuja Kuitwa Mario

Je, wajua kwamba Donkey Kong, gemu iliyomleta Mario duniani, ilitokana na mashine zilizokosa wanunuzi? Tawi changa la Nintendo nchini Marekani liliagiza kutoka Japani mashine 3,000 hivi za Radar Scope, gemu ya kutungua vyombo vya angani. Takriban 2,000 zikadoda ghalani. Mkuu wa tawi, Minoru Arakawa, akamwomba baba mkwe wake Hiroshi Yamauchi, rais wa kampuni kule Kyoto, ampatie gemu mpya ya kuweka ndani ya makasha yaleyale. Kazi ikamwangukia Shigeru Miyamoto, mchoraji wa miaka 28, chini ya usimamizi wa Gunpei Yokoi. Gemu ilipotoka mwaka 1981, mashine za kwanza Marekani zilikuwa nyekundu, kwa kuwa zilikuwa Radar Scope zilizobadilishwa matumbo.

Miyamoto alitaka kumtumia Popeye, baharia wa katuni, pamoja na mpenzi wake na mpinzani wake Bluto. Kibali hakikupatikana, akajitungia watu wake: gorila, seremala na mwanamke aliyetekwa.

Na yale masharubu ya seremala? Nukta za kuchorea zilikuwa chache mno hata mdomo usingeonekana, basi akampa pua kubwa na masharubu. Nywele za kupepea wakati wa kuruka zilikuwa kazi ngumu, akamvika kofia. Ovaroli ilisaidia mikono ionekane ikichezacheza. Sura inayotambulika leo na watoto wa mabara yote imetokana na uhaba, nami kila nikiitazama namheshimu zaidi mchoraji. Jina Mario lilikuja baadaye kidogo, kutoka kwa Mario Segale, mwenye ghala lililopangishwa na Nintendo karibu na Seattle.

Toleo halisi la mashine liliuzwa upya mwaka 2018 kwa ajili ya Nintendo Switch, na nimelirudia kwa hamu kubwa. Bado nalipenda. Huhitaji maelezo yoyote: gorila yuko juu, mwanamke analia msaada, mapipa yanabingirika, panda! Lakini siwezi kusifu bila kusema kinachoniuma. Mario huyu ni mzito. Ukisharuka huwezi kugeuka hewani. Akianguka kutoka kimo kinachozidi kidogo urefu wake mwenyewe, amekufa. Akishika nyundo anavunja mapipa kwa raha, ila hawezi kupanda ngazi mpaka nyundo iishe. Mashine hizi ziliishi kwa sarafu, na ukali wake ulikuwa sehemu ya biashara. Mtoto mwenye sarafu moja hakuonewa huruma.

Je, wajua kwamba wengi wetu hatukuwahi kuicheza yote? Mashine ina hatua nne: mita 25, 50, 75 na 100. Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchezea nyumbani, ilipoingia madukani Japani tarehe 15 Julai 1983, Donkey Kong ilikuwa miongoni mwa gemu zake tatu za kwanza, lakini hatua ya mita 50, yenye mikanda ya kiwandani, ilikuwa imeondolewa. Sisi wa Afrika Mashariki tulioijulia kwenye vifaa vya kuiga Famicom, vile vya kaseti ya njano yenye gemu kibao, tuliipokea na pengo hilo bila kujua. Kuiona mikanda ile ukubwani kulinifurahisha sana, na papo hapo nikaumia kwa niaba ya mtoto niliyekuwa.

Hata bingwa hafiki mbali. Kwenye mashine, muda wa kila hatua hupigiwa hesabu kwa namba isiyoweza kuzidi 255. Katika kiwango cha 22 jibu linakuwa 260, linafurika, inabaki 4. Muda unaisha baada ya sekunde chache na Mario anakufa bila kosa lolote.

Mwaka 1982 kampuni ya filamu ya Universal iliishtaki Nintendo ikidai gorila ni King Kong wake. Ilishindwa, kwani miaka ya nyuma yenyewe ilikuwa imesimama mahakamani kutetea kwamba hadithi ya King Kong ni mali ya umma.

Lakini kesi inayonigusa zaidi ni ile ya Ikegami Tsushinki, kampuni iliyoandika programu ya gemu hii kwa Nintendo. Ilikwenda mahakamani mwaka 1983 kudai haki juu ya programu hiyo, na shauri likaisha kwa maelewano mwaka 1990. Skrini haitaji jina la mwandishi hata mmoja. Ndani ya programu, mahali ambapo mchezaji hawezi kufika, kuna ujumbe wa kumpongeza atakayeichambua, pamoja na jina la Ikegami na namba ya simu. Watu wale walitaka kujulikana, na walistahili.

Na yule mwanamke? Mwaka 1981 aliitwa "Lady" tu, kisha akapata jina, Pauline. Kazi yake ilikuwa kupiga mayowe. Katika gemu ya mwaka 2017, Super Mario Odyssey, Pauline ni meya wa jiji la New Donk City. Anaandaa tamasha, anaimba na bendi yake, na Mario anaingia ukutani kuruka mapipa ya gorila yule wa zamani.